Pikapu ya Kwenda Kumchukua

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokatika, mama mkwe wangu aliniambia nianze kutengeneza pikapu. Hakuuliza kama nina nguvu wala kama nataka. Alikuja asubuhi mpaka mlangoni kwangu, akasimama na fimbo yake, akaangalia juu mbinguni ambako hakukuwa na wingu hata moja, akasema, "Nyar Kuria, jua imetoka. Tengeneza gari twende tuchukue mtu wetu."

Nyar Kuria ni binti wa Kuria, na ndivyo wanavyoniita ukweni tangu siku ya kwanza. Mtu wetu ni mume wangu. Na mume wangu tulikuwa tumeshamzika. Kaburi lake lilikuwa pale pale uani, upande wa kushoto wa nyumba, na mama yake alilipita asubuhi ile akija kuniambia twende tukamchukue.

Alifia Migori, hospitalini, kwa ugonjwa ambao haukutupa nafasi hata ya kulizoea jina lake. Mvua ilikuwa inanyesha kama haina kwao. Nyumbani kwao ni Homa Bay, karibu na ziwa, na kwao mtu aliyefia mbali hasafirishwi kimya kimya. Lazima awepo mtu wake wa karibu wa kukaa naye njiani na kumweleza: sasa tumetoka hospitali, sasa tunavuka mto fulani, sasa tumeacha lami tunaingia njia ya kwetu. Kwenye maji ndiko hasa lazima aambiwe. Asipoambiwa, mwili utafika na utazikwa, lakini mwenyewe atabaki ng'ambo, hajui wenzake wamekwenda wapi. Kazi hiyo mama aliichukua mwenyewe. Wanawake wa ukoo walijaribu kumwambia apumzike, akawapita akapanda gari.

Gari la maiti lilifika mwisho wa lami, dereva akatazama ile barabara ya udongo, akakataa. Siwezi kumlaumu. Tulihamisha jeneza tukalilaza nyuma ya pikapu yetu wenyewe, ile ile aliyoiendesha marehemu miaka yote. Shemeji yangu, mdogo wake, alikuwa anatufuata nayo. Akabaki kwenye usukani, mimi nikakaa katikati, mama dirishani, amegeuza shingo anazungumza na mwanawe kupitia kile kioo kidogo cha nyuma. Alizungumza Kijaluo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwelekeza mgeni. Nilielewa nusu. Nusu hiyo ilinitosha, sikutaka zaidi.

Halafu tukafika drifti. Ni kile kidaraja cha saruji kilicholala chini kabisa, mto ukijaa maji yanapita juu yake. Siku ile yalikuwa yanapita kwa hasira. Shemeji alisema tutapita, akaingia, na katikati pikapu ikakohoa, ikazima. Kilichofuata kilikuwa ni kelele. Wanaume walivua viatu wakaingia majini. Mmoja alimbeba mama mgongoni, mama akipiga mabega yake kwamba amteremshe, mwingine akanivuta mkono. Wengine walisukuma, wengine walifunga kamba, kila mmoja akawa ni mkubwa wa kutoa amri. Pikapu ilipofikishwa upande wa kwetu mama alikuwa anatetemeka, leso yake imelowa, kiatu kimoja kimekwenda na maji. Tulimfunika koti tukampandisha. Injini ikashika kwa shida, tukaenda, tukazika.

Baada ya matanga, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika, mama alikuwa amekaa nje anachambua maharagwe. Mikono yake ikasimama. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Sikumwambia."

"Hukumwambia nani, Mama?"

"Kwa maji. Sikumwambia tumevuka."

Tangu siku hiyo hakula chakula cha maana. Uji kidogo, chai kidogo, basi. Alitoa kiti chake akakigeuza kikaangalia barabara. Ukimwekea samaki anakishika kichwa cha samaki, anakirudisha kwenye sahani, anasema atakula mtoto akifika. Nilimwona akikonda mbele ya macho yangu, mikono ikibaki mifupa na ngozi, na mimi ambaye nilikuwa sijamaliza kumlilia mmoja nikaanza kuogopa kwamba nitazika wawili.

Nilimpigia shemeji simu. Yeye kazi yake iko Kisumu, na ni mzee wa kanisa. Akasema, "Shemeji, usikubali hiyo mambo. Mtu ako kwa Mungu, hako kwa mto. Mwombee Mama tu."

Mimi nami ni Mkristo, na kama angenyamaza hapo ningekubaliana naye. Lakini yeye alikuwa anakula vizuri huko Kisumu, na si yeye aliyekuwa anarudisha sahani jikoni. Nikamwuliza, "Na nani alizima gari katikati ya maji?" Akakata simu. Hakuipokea tena mpaka wiki iliyofuata.

Kwa nini tusiende kwa miguu, au kwa boda boda? Nilimwuliza mama hivyo hivyo. Kwanza, maji ya drifti yalikuwa bado juu, na boda boda zilikuwa zinazunguka njia ya mbali. Pili, akasema, mtoto wake hawezi kupanda pikipiki ya mtu asiyemjua. Ni lazima iende gari ile ile aliyoletwa nayo. "Anajua gari yake," akasema. Hakukuwa na nafasi ya kubishana hapo. Tukangoja mvua iishe.

Sasa ilikuwa imeisha. Na kuliandaa gari kwa kiangazi baada ya mvua kulikuwa ni kazi ya mume wangu. Kila Januari alitenga siku nzima. Biashara yake ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwa: ananunua ziwani, anapeleka Kehancha na Kegonga kule kwetu Kuria, anafika mpaka Ogwedhi siku ya soko la ng'ombe, anarudi na mahindi na ndizi. Ndivyo tulivyokutana, mimi nikiuza nguo Kehancha, yeye akisimamisha gari lake linalonuka mbele ya nguo zangu safi. Nilimtukana kwa Kiswahili kwa sababu sikujua Kijaluo, akanijibu kwa Kiswahili kwa sababu hakujua Kikuria. Hatukubadilisha tena. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na Kiswahili chake nilikicheka mpaka mwisho. Mtoto hatukujaliwa. Tulikuwa wawili, na pikapu.

Siku hiyo ya Januari alivaa kaptula iliyochanika na hakutaka kuongeleshwa kabla ya chai. Alilaza turubai chini, akaingia uvunguni, akaniamuru kutoka huko: nipe spana, hiyo siyo, hiyo nyingine, wee mama unataka kuniua? Nilijua kila kitu alichofanya kwa sababu nilikishika kabla yake. Lakini usukani wenyewe alinipa kwa shingo upande. Alinifundisha kuendesha kwenye njia ya Kegonga, akipiga kelele njia nzima, na barabara ya kwao hakuniruhusu kamwe. Alisema sitaiweza.

Nilianza na matope. Pikapu ilikuwa imekaa pale tangu siku ya mazishi, chini ya mabati kando ya boma, na matope ya siku ile yalikuwa yamekauka uvunguni yakawa magumu kama sufuria iliyoungua. Usipoyatoa yanashika maji na kula chuma. Nililaza turubai, nikaingia chini na bisibisi ya zamani, nikaanza kuyabandua. Vipande vilikuwa vinaniangukia usoni. Nililia huko chini, na ilikuwa ni mahali pazuri pa kulilia, hakuna mtu anayekuja kukuambia Mungu ndiye anayejua.

Mama alisogeza kiti chake. Akaona vile vipande vinavyotoka, akainama kwa shida akaanza kuvikusanya kwenye beseni.

"Mama, acha. Ni matope tu."

"Ni ya siku ile," akasema.

Nilikasirika. Nilikuwa nimechoka na mambo ya siku ile. Nikamwambia basi achukue yote, akaweke anapotaka, na mimi niachiwe nifanye kazi. Akayachukua. Kaburi lilikuwa limeanza kuzama upande mmoja kwa sababu ya mvua, kama yanavyofanya makaburi mapya, akamwaga yale matope pale palipozama, akayashindilia kwa mguu. Alikwenda na kurudi mara nyingi na lile beseni. Sikumzuia tena.

Chujio la hewa ndilo lililonishinda nguvu. Kiangazi ukiacha chujio chafu, vumbi la njia zile linaiua injini, kwa hiyo mume wangu alikuwa halipitishi mwaka bila kulisafisha. Nilifungua kasha lake nikakuta panya wamejenga humo. Walikuwa wametumia nyasi, pamba ya kiti, na vipande vya kile kitambaa chekundu tulichofunga kwenye vioo vya pembeni siku ya msafara wa mazishi. Nilisahau kukifungua. Nilivitoa kimoja kimoja kwa vidole, na nilipomaliza nikaenda nyuma ya choo nikatapika, sijui kwa nini, maana viota vya panya nimeona vingi.

Jioni hiyo tulikaa na mama jikoni. Nilimwekea ugali na mboga. Akanimegea tonge akaniwekea mimi mkononi, kama mimi ndiye mgonjwa. "Kula wewe. Wewe ndio utaendesha."

"Na wewe?"

"Mimi tutakula na yeye."

Siku zilizofuata nilimwaga maji ya rejeta, yalitoka na kutu, nikasuuza mpaka yakatoka meupe, nikatia mapya. Mkanda wa feni ulikuwa umepasuka, nikatafuta mwingine sokoni. Nilipaka grisi, nikabadilisha oili, nikajaza tairi upepo kwa pampu ya mguu mpaka goti likavimba. Waipa za kioo cha mbele nilizifuta nikaziacha, kiangazi hazina kazi. Kila jambo nilikuwa nalifanya kwa mpangilio wake, na kila mara nilikuwa nanyoosha mkono kando kuomba spana, halafu nakumbuka niko peke yangu, naichukua mwenyewe.

Betri ilikuwa imekufa kabisa. Fundi mmoja wa kule sokoni alikuja na pikipiki amefunga betri yake nyuma kwa mpira. Alijua habari yetu, kila mtu aliijua. Aliunganisha nyaya, nikaingia, nikawasha. Ilizunguka, ikakataa. Ikakataa tena. Halafu ikashika, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Mama aliinuka kutoka kwenye kiti chake bila fimbo. Fundi akapiga makofi. Mimi peke yangu sikufurahi, na nikajishangaa. Nilikuwa nimehangaika siku zote hizo ili ile injini ishike, na iliposhika nilitamani ingekataa walau mpaka wiki ijayo. Nikasema ni uchovu.

Tulikwenda asubuhi, baada ya umande. Mama alivaa gauni lake la kanisani na leso mpya, akaoga vizuri, akachukua chupa ya chai. Niliendesha hiyo barabara ambayo sikuwahi kuruhusiwa kuiendesha. Vumbi lilikuwa tayari limeanza. Niliiweza.

Drifti ilikuwa kavu kabisa. Nilidhani nimekosea njia. Maji yaliyotutesa yalikuwa yamebaki kijito cha kuruka, kinapita kwenye matundu ya chini bila sauti, na wanawake wawili walikuwa wanafua juu ya saruji. Tulipoteremsha gari mpaka pale wakatutazama, wakatazama gari, wakakusanya nguo zao wakaenda kukaa mbali. Nilivuka mpaka ng'ambo, upande tuliotokea siku ile, nikageuza gari likaangalia nyumbani, kama mama alivyoniagiza.

Mama akateremka. Akasimama ukingoni akamwita kwa Kijaluo. Akamwita kwa jina lake la utotoni, akamwita kwa jina la babu yake. Akamwambia kwamba ni yeye mama yake aliyekosa, si yeye mtoto, na kwamba siku ile walimbeba mgongoni kabla hajamaliza kusema. "Wadhi dala, nyathina," akasema, twende nyumbani, mwanangu. Akangoja. Akasema tena. Sauti ilianza kumkauka, na mimi nilikuwa nimeegemea boneti, nimekunja mikono, nikiomba kimoyomoyo aridhike tuondoke.

Akageuka. "Hakuji," akasema. "Wewe muite."

"Mama, mimi sijui maneno."

"Muite na hiyo Kiswahili yenu. Mimi nilimzaa, lakini wewe ndio alikuwa anasikia."

Nilifungua mdomo nikiwa nimekusudia kusema chochote tu, ili mama apate kula. Basi. Lakini kilichotoka kilikuwa ni ugomvi, kama vile ninavyompokea akichelewa. Nilisema, "We bwana, unakaa hapa unafanya nini? Watu wote wanakungoja. Maji imeisha, huoni? Gari iko sawa. Matope nimetoa yote, chujio nimesafisha, panya walikuwa wamezaa huko ndani. Rejeta nimeweka maji mpya. Mkanda ni mpya. Nimeendesha hii barabara yenu mimi mwenyewe, na sijaanguka. Mama yako hali chakula, unasikia? Hali. Kuja twende nyumbani." Nikaishiwa. Nikasema tena, "Kuja twende nyumbani, tafadhali," na nilikuwa sijawahi kumwambia tafadhali mume wangu kwa miaka yote ile.

Mama alikuwa tayari amekwenda kwenye gari. Nilidhani atafungua mlango wa abiria. Alizunguka akafungua mlango wa dereva, kwa sababu huo ndio mlango ambao mwanawe alikuwa anaujua. Akasimama pembeni, ameushika, kama unavyomshikia mtu mwenye mizigo. Akangoja. Kisha akaniambia, "Haya. Ameingia. Panda."

Nilifika pale mlangoni nikatazama kiti. Kilikuwa ni kiti tu, kimechanika pale pale palipochanika, na sponji inatoka. Mimi ni mtu niliyesoma, na mimi ni mtu wa kanisa. Nikasema, "Songa kidogo."

Nikapanda nikakaa pembezoni kabisa, bega limebana mlango, na hivyo ndivyo nilivyoendesha mpaka nyumbani. Mama alikaa dirishani upande wa pili na katikati yetu palikuwa wazi. Tulipovuka drifti alisema kwa sauti, akitamka kila neno, "Sasa tumevuka maji." Tulipofika njia panda alisema. Tulipoliona paa la nyumba alisema. Mimi nilikuwa nasikiliza upande wangu wa kushoto, na nitasema ukweli, sikusikia kitu chochote.

Tulipofika mama alifungua mlango, akamwacha ateremke, akatembea naye taratibu mpaka kaburini. Akamwambia amefika. Akamwonyesha kila kitu: nyumba yako hii, baba yako huyu hapa kando yako, mke wako yule kwenye gari. Halafu akarudi akitembea wima kuliko nilivyomwona tangu mwezi wa kumi na moja, akaingia jikoni mwenyewe, akawasha moto, akaweka samaki. Harufu ikafika mpaka kwenye gari. Nilimsikia akimwambia jirani aliyepita nje ya ua kwamba ana njaa, ana njaa kweli kweli.

Nami nikabaki kwenye usukani. Injini ilikuwa bado inanguruma, nzuri, laini, haina kosa, na nilishindwa kuizima. Ndipo nilipoelewa kwa nini sikufurahi siku ile iliposhika. Kipindi chote kile cha mvua nilikuwa nikimcheka mama kimoyomoyo, lakini kila nilipolala nilijua mume wangu yuko wapi. Yuko ng'ambo ya drifti. Barabara imefungwa, gari limeharibika, amekwama kama alivyowahi kukwama mara nyingi akirudi na omena zake, na nikishatengeneza gari nitakwenda. Nilikuwa na kazi ya kumfanyia. Sasa barabara ilikuwa kavu, na mtu ameletwa mpaka nyumbani, na nyumbani kwake ni pale chini ya udongo.

"Nyar Kuria!" mama akaita kutoka jikoni, mdomo umejaa. "Kuja kula! Mtu wetu amefika!"

"Nakuja, Mama," nikasema. Nikazima injini. Mama alikuwa amempata mtoto wake. Mimi sikuwa na mahali pengine tena pa kumngojea.